Mawe ya mkojo kwa dende, sungura na mbuzi dume



Hapa Mugunga kila mtu anajua uzito wa bidoni ya maji. Tunakaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanapita chini na kupotea, mto hakuna. Tunateka ziwani ao tunanunua. Mwezi wa tano 2021, wakati Nyiragongo ililipuka, lava iliharibu mabomba na tanki, na watu wengi wa Goma wakakaa bila maji ya robine. Basi maji yakipungua nyumbani, anayesahauliwa wa kwanza ni nani? Ni mnyama. Na juu ya dende tuko na sababu tayari mdomoni: « Dende haikunywaka maji, anatosheka na majani. »

Somo la leo linahusu neno hilo. Dende anakunywa. Sungura anakunywa. Mbuzi anakunywa. Asipopata ya kutosha, mkojo wake unakuwa mzito, na ndani ya mkojo mzito ndimo mawe yanazaliwa.

Mawe yanatoka wapi?

Chukua kikombe cha maji, tia chumvi kidogo, koroga. Chumvi inayeyuka. Ongeza tena na tena: itafika saa chumvi inakataa kuyeyuka na kukaa chini. Mkojo ni vile vile. Mwili unatupa ndani yake vitu usivyovihitaji. Maji yakiwa mengi, vinatoka vyote. Maji yakiwa kidogo, vinashikana na kuwa chembe ngumu kama mchanga. Chembe hizo zinaitwa fuwele. Fuwele zikikaa kwenye kibofu zinakua, mwisho zinakuwa mawe.

Vitu viwili tuvijue kwa majina. Cha kwanza ni kalisiamu, ile inayojenga mifupa. Cha pili ni oksalati, asidi iliyo ndani ya majani fulani. Lengalenga ina oksalati nyingi. Majani ya setaria nayo inayo. Ulishakula teke ambalo halikuiva vizuri, koo likawasha? Zile ni fuwele za kalisiamu na oksalati, nyembamba kama sindano, zinakuchoma.

Oksalati ikikutana na kalisiamu ndani ya tumbo, zinashikana na kutoka pamoja na mavi. Hapo hakuna hatari. Shida ni wakati oksalati inakuwa nyingi kupita kiasi: inaingia katika damu, inashika kalisiamu huko, na fuwele zinajikusanya kwenye figo. Fuwele za namna hii hazina dawa ya kuziyeyusha.

Mawe hayafanani kwa wanyama wote. Kwa mbwa na paka, mawe ya oksalati yanaonekana mara nyingi. Kwa dende, mengi ni ya kalisiamu ya namna nyingine, ile inayofanana na chokaa. Kwa mbuzi inategemea chakula: anayekula pumba nyingi anapata mawe ya fosfori, anayekula majani yenye kalisiamu ao oksalati nyingi anapata ya kalisiamu. Lakini kwa wote njia ya kuzuia inaanzia pamoja: maji, na majani ya kuchanganya.

Kwa nini kiangazi ni hatari zaidi

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, majani ya kando ya barabara ya Sake yanakauka. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Majani makavu hayana. Wakati huo huo maji ya nyumbani ni haba. Kinachobaki kibichi ni lengalenga ya bustani inayomwagiliwa na mabaki ya soko. Watoto wanaleta hiyo, leo, kesho na kesho kutwa. Mnyama anapata maji kidogo na oksalati nyingi kwa mara moja.

Usiitupe lengalenga. Ni chakula kizuri, na dende anahitaji majani mabichi kila siku, sababu mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na mwili wa mtu. Kosa ni kumpa lengalenga peke yake.

Angalia sakafu ya banda

Mkojo wa dende na sungura ni mzito na mweupe kwa kawaida. Ukikauka unaacha unga mweupe. Usiogope. Mkojo wa sungura unaweza pia kuwa wa rangi ya chungwa ao mwekundu kwa sababu ya rangi tu, na siku chache baadaye unarudi sawa.

Lakini fuatilia ukiona haya:

– dende anapiga kelele ao anajikunja mgongo wakati wa kukojoa;
– mkojo unaacha chembe nene kama mchanga, ao matone ya damu;
– manyoya ya nyuma yamelowa siku zote;
– mnyama ameacha kula na anakonda.

Mwenye dalili hizi mtenge, mpe maji na majani laini, na umwonyeshe veterineri.

Mbuzi dume: usidanganyike na tumbo

Hapa ndipo tunapoteza wanyama. Njia ya mkojo ya mbuzi dume ni nyembamba, ina kona, na mwishoni ina mkia mdogo kama uzi. Jiwe dogo kama punje ya mtama linaweza kuifunga. Jike hana shida hiyo sana, njia yake ni fupi na pana.

Mbuzi aliyefungwa anasimama miguu mbali mbali, anakamua, anatikisa mkia, analia, anaangalia tumbo lake. Mwenye mbuzi anasema: « Choo kimefunga. » Anampa mafuta ao dawa ya kuharisha, anangoja kesho. Kesho yake kibofu kimepasuka. Mbuzi anaweza hata kuonekana ametulia saa hiyo, maumivu yamepungua, lakini mkojo unamwagika ndani ya tumbo na atakufa.

Kwa hiyo, kabla ya kusema ni choo, inama uangalie. Je, mavi yanatoka? Je, mkojo unatoka kwa mkondo, kwa matone, ao hautoki kabisa? Shika manyoya ya ncha ya uume: yakiwa makavu ao yana chembe za mchanga, ni mkojo.

Na sikia neno hili vizuri. Maji yanazuia ugonjwa, lakini mbuzi ambaye tayari amefungwa usimlazimishe kunywa. Unajaza kibofu ambacho hakina mlango. Usimpe pia dawa ya kukojoza. Ita veterineri siku ile ile. Mara nyingine anakata ule mkia mdogo wa mwisho ambamo jiwe limekwama, mkojo unatoka, na dume anaweza kuendelea kupanda. Usikate wewe mwenyewe. Ukiamua kumchinja, mkaguzi wa nyama amwangalie kwanza. Nyama ya mnyama ambaye kibofu kimepasuka haifai kuliwa.

Tufanye nini?

1. *Maji kila siku.* Dende mkubwa anahitaji karibu desilita 1 kwa siku. Dende 10 ni kama lita 1 tu. Bidoni moja ya lita 20 inawatosha karibu siku 20. Mbuzi anataka lita 3 mpaka 5, zaidi wakati wa joto ao akinyonyesha. Weka maji katika bakuli nzito, ulizungushie mawe ya lava lisipinduke, ulioshe kila asubuhi. Maji ya sabuni hapana.

2. *Changanya majani.* Nyasi za kawaida ziwe sehemu kubwa ya chakula. Juu yake ongeza kidogo kidogo: leo lengalenga, kesho matembele, kesho kutwa majani ya mahindi ao maganda ya ndizi.

3. *Usibadilishe chakula ghafula.* Ndani ya tumbo la mbuzi mna vijidudu vinavyovunja oksalati, lakini vinahitaji siku nyingi kuzoea. Mbuzi mwenye njaa, aliyetoka safari, usimfungue kwenye shamba la lengalenga ao setaria. Mpe nyasi kavu kwanza.

4. *Pumba kwa kipimo.* Dume asiyefanya kazi ya kupanda hana haja ya pumba nyingi. Mwekee chumvi ya kulamba: chumvi inampa kiu, kiu inamfanya anywe, na mkojo unakuwa mwepesi. Lakini chumvi bila maji ni kumtesa.

5. *Usihasi mapema.* Dume aliyehasiwa akiwa mdogo sana, njia yake ya mkojo inabaki nyembamba. Ngoja miezi 4 ao zaidi, na umtenge na majike, sababu anaweza kupanda mapema.

Ya kuzungumzia kwenye kikundi

– Nani kati yetu anawapa dende maji kila siku? Anatumia chombo gani?
– Mbuzi dume aliyekufa « kwa choo » mwaka jana: kuna mtu aliyeangalia kama alikuwa anakojoa?
– Wakati wa kiangazi, tunaweza kuwekeana zamu ya kukata nyasi mbali, ili lengalenga isiwe chakula pekee?

Kazi ya nyumbani: kesho asubuhi, kabla ya kufagia banda, angalia sakafu. Kila mtu aje kwenye mkutano na alichokiona.