Mswaki ni kinga ya nimonia kwa mgonjwa asiyejiweza

Saa ya kuwaona wagonjwa inapofika, jamaa huingia wodini wakiwa na thamosi ya uji. Mama mzee aliyepooza upande mmoja amelala chali. Binti yake anamwinua kichwa kidogo kwa mkono mmoja na kumnywesha kwa kikombe. Mgonjwa anakohoa, machozi yanamlengalenga, binti anampangusa mdomo na kuendelea. Siku chache baadaye mama ana homa na anapumua kwa kasi. Jamaa wanalaumu dirisha lililoachwa wazi usiku.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba nimonia huletwa na baridi, na ndiyo sababu mgonjwa hurundikiwa blanketi. Lakini nimonia husababishwa na viini vinavyoingia mapafuni. Kwa mgonjwa asiyejiweza, mara nyingi viini hivyo hutoka kinywani mwake mwenyewe.

Mtu mwenye afya akipaliwa hukohoa kwa nguvu na kutoa kilichopotea njia. Aliyepatwa na kiharusi, mzee dhaifu au mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji huenda asiwe na nguvu hizo. Mate na chakula vyaweza kumshukia mapafuni kimya kimya, bila hata kukohoa. Ikiwa kinywa hakijasafishwa kwa siku kadhaa, mate hayo huwa yamejaa viini.

Watafiti wa Japani waliwafuatilia wazee katika makao yao kwa miaka miwili. Miongoni mwa wale waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo, 11 kati ya kila 100 walipata nimonia. Kwa wale ambao hawakupewa huduma hiyo, walikuwa 19. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1999, na kazi yenyewe haikuhitaji mtambo wowote wa bei ghali. Hata hivyo, jamaa wengi hukumbuka kumletea mgonjwa sabuni na kitambaa cha kuogea, lakini mswaki husahaulika.

Kabla ya kumpiga mgonjwa mswaki, nawa mikono, kisha umketishe. Ikiwa hawezi kuketi, mlaze kwa ubavu ili maji yatoke nje badala ya kushuka kooni. Tumia mswaki laini na dawa ya meno kidogo sana. Sugua meno, ufizi na ulimi, kisha upanguse kwa kitambaa safi chenye unyevu. Asiyeweza kumeza vyema asipewe maji ya kusukutua. Meno bandia yatolewe usiku na kusuguliwa. Hata kibogoyo anahitaji kupanguswa ufizi na ulimi. Na yule anayelishwa kwa mpira wa puani asiachwe eti kwa kuwa hali kwa mdomo: kinywa chake hukauka na kuchafuka upesi.

Kuhusu chakula, aliyepatwa na kiharusi asipewe chochote, hata maji au tembe, kabla ya muuguzi kupima kama anaweza kumeza. Usione haya kuuliza. Akiruhusiwa, aketi wima, mito ikimtegemeza mgongo na kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Tumia kijiko kidogo na usubiri ameze kabla ya kumwongeza. Maji na chai humpalia mtu upesi kuliko uji mzito, kwa hivyo muulize muuguzi ni vinywaji gani vinamfaa. Baada ya kula, angalia shavu la upande uliopooza. Mara nyingi chakula hubaki humo. Kisha aendelee kuketi kwa nusu saa au zaidi. Anayesinzia asilishwe, hata kama uji utapoa.

Mgonjwa anayelala chali kutwa hukusanya makohozi mapafuni. Mgeuze kila baada ya saa mbili, mwinulie sehemu ya kichwani, na mara daktari anaporuhusu, aketi kitini. Aliyepasuliwa tumbo akumbatie mto, avute pumzi ndefu na kukohoa, uchungu hupungua. Wageni wenye mafua wangoje wapone ndipo waje.

Usisubiri homa kali ndipo utafute daktari. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila joto la mwili kupanda. Akianza kupumua haraka, kukataa chakula, kusinzia kupita kawaida au kusema mambo yasiyoeleweka, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.