Okidi msimu wa vuli: punguza mbolea ya dukani, ongeza mbolea hai

Vuli inakaribia, na wenye vitalu vya maua Dar es Salaam, kuanzia Tegeta, Boko na Bunju hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma wameanza kuongeza mbolea ili mimea ichangamke na mvua. Kwa bogenvilia hilo halina neno. Kwa okidi, hapo ndipo hasara huanzia. Msimu huu nawashauri wenye okidi jambo moja: zipeni mbolea ya dukani kidogo, iliyozimuliwa vizuri, na ziongezeeni mbolea hai kwa siku yake.

Kwa nini kidogo

Okidi zinazolivumilia vizuri joto letu la pwani, kama Vanda na aina nyingi za Dendrobium, kwa asili huota juu ya miti, hazioti ardhini. Hujishikiza kwenye magome na kula kile kinachoteremka na maji ya mvua, ambacho ni kidogo sana. Mizizi yake ina ganda jeupe linalofyonza maji upesi, na kama maji yana chumvi, hufyonza na chumvi hiyo. Mbolea ikizidi, ncha za mizizi hukauka na kuwa nyeusi, na ukoko mweupe huganda pembeni mwa chungu. Anayemwagilia kwa kisima chenye maji ya chumvi, kama vilivyo vingi Dar es Salaam, ameshatia chumvi hata kabla hajafungua mfuko wa mbolea. Ndiyo maana Urea, DAP na CAN za shambani zisitupwe kwenye chungu cha okidi.

Mbolea hai ni ipi

Samadi na mboji ni mbolea za asili. Mbolea hai ni bakteria au fangasi wenye manufaa, wakiwa hai ndani ya chupa au pakiti. Azospirillum hunasa nitrojeni ya hewani, baadhi ya Bacillus huyeyusha fosforasi iliyoganda, na Trichoderma hupambana na fangasi wanaoozesha mizizi. Hawa ni wasaidizi; chakula chote cha mmea hawawezi kukitoa. Okidi iliyopandwa kwenye mkaa na makumbi haina udongo wa kuitegemea, hivyo ukiiondolea kabisa NPK ya dukani itadumaa.

Soma lebo kabla ya kulipa. Rhizobium ya maharage na soya, kama Nitrosua iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufanya kazi kwenye mikunde. Fangasi wa mizizi wanaouzwa kwa ajili ya mahindi nao si wale wanaoishi na okidi. Okidi ina fangasi wake: mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu zake, ndogo kama vumbi, huota zikiingiwa na fangasi hao wanaozilisha. Hii ni sababu mojawapo ya okidi nyingi zinazong'olewa porini kufa zikifika mjini. Tena biashara ya kimataifa ya okidi zote inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Nunua miche iliyozalishwa kitaluni.

Ratiba ya mwezi

Anza na makumbi. Yaloweke kwenye maji baridi siku tatu, ukibadilisha maji kila siku, ili chumvi itoke. Yachanganye na vipande vya mkaa. Mkaa mtupu hauwapi bakteria chakula.

Wiki tatu za kwanza, mwagilia mara moja kwa wiki NPK 20-20-20 ya unga unaoyeyuka: kifuniko kimoja cha soda, kilichosawazishwa, kwenye ndoo ya lita 10. Lowanisha mizizi kwa maji matupu kwanza.

Wiki ya nne usitie NPK. Osha kila chungu kwa maji mengi hadi yachuruzike chini. Siku mbili baadaye, jua likishazama, weka mbolea hai kwa kipimo cha kwenye lebo. Usiichanganye na NPK katika ndoo moja, kwa sababu chumvi kali huua viumbe hao. Dawa za ukungu zenye shaba au mankozebu nazo huwaua. Ukipuliza, subiri wiki mbili. Maji ya bomba yalaze usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini ipungue. Bora zaidi ni maji ya mvua: acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga zinazofuata.

Dukani, chagua bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, na ambayo tarehe yake haijapita. Iliyoanikwa juani dirishani iache, hata ikipunguzwa bei.

Pima mwenyewe

Usibadili kitalu kizima kwa mkupuo. Chagua vyungu 20 vya aina moja na umri mmoja. Kumi vipe NPK peke yake kwa ratiba hiyo. Kumi vingine vipe nusu ya NPK pamoja na mbolea hai. Kila mwezi hesabu machipukizi mapya na kagua ncha za mizizi, uandike daftarini hadi Januari. Fungu la nusu likilingana na lenzake, utakuwa umeokoa nusu ya NPK. Linganisha fedha hiyo na bei ya mbolea hai, kisha uamue kitalu kilichobaki ukilishe vipi.