SOMO: Mji Mkongwe wa Unguja, Unapendeza kwa Nini?



Ukiwauliza watu kumi wanapenda kutembelea mji gani, utapata majibu kumi. Mmoja atasema Mwanza, kwa sababu ya ziwa na mawe yaliyopandana. Mwingine atasema Arusha, kwa ubaridi wake na Mlima Meru. Wa tatu atasema Mombasa, maana huko ana shangazi wa kumpokea. Kila mtu na chake.

Lakini ukiwauliza tena, "Mji huo unapendeza kwa nini?" wengi watakwama. Watasema tu, "Mzuri bwana, nenda kajionee." Jibu hilo halitoshi. Leo tutajifunza kuutazama mji na kuuliza maswali. Mfano wetu ni Mji Mkongwe wa Unguja. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia.

1. Anza na majina

Wewe umekwisha kujua kusoma. Basi soma majina ya mahali. Forodhani ni mahali pa forodha, yaani pa kulipia ushuru wa mizigo. Mkunazini ni penye mti wa mkunazi. Na Darajani je? Palikuwa na daraja. Lakini ukifika leo huoni mto. Daraja la nini?

Zamani palikuwa na hori, yaani maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu. Upande wa magharibi ulikuwa mji wa nyumba za mawe. Upande wa pili wa maji uliitwa Ng'ambo. Huko watu wengi walikaa katika nyumba za udongo na makuti. Baadaye hori lilifukiwa, na sasa ni barabara. Maji yamekwisha, majina yamebaki. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na mpaka leo watu hununua samaki, matunda na viungo hapo.

2. Nyumba na vichochoro

Mgeni hushangaa kuona njia nyembamba. Gari haipiti. Watu hupita kwa miguu, baiskeli na pikipiki. Siyo kwamba wajenzi walikosa akili. Nyumba ndefu zikikaribiana, jua halifiki chini. Mchana wa joto unatembea kivulini.

Kuta ni nene. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo. Dari hushikwa na boriti za mikoko. Ukiingia chumbani utaona chumba ni kirefu lakini chembamba, kama mita tatu hivi. Kwa nini? Kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Mti ndio uliopima chumba! Ni sawa na sisi kijijini, ukubwa wa nyumba hutegemea miti tuliyonayo.

Nje ya nyumba nyingi kuna baraza, yaani kiti kirefu cha mawe kilichoshikana na ukuta. Hapo watu huketi, hunywa kahawa, husikia habari. Mvua kubwa ikijaza njia maji, baraza huwa ndiyo njia. Na usiache kutazama milango. Ni ya mbao ngumu, imechongwa maua na minyororo. Mingine ina misumari mikubwa ya shaba, mtindo uliotoka Bara Hindi.

3. Fedha zilitoka wapi?

Hili ndilo swali kubwa. Nyumba nzuri hazioti kama uyoga. Nani alilipa?

Kabla ya mwaka 1850, Sayyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Mashamba ya karafuu yakaenea, na biashara ya pembe za ndovu ikakua. Kazi ya mashambani ilifanywa na watumwa. Wengi walitolewa bara, wakatembezwa kwa miguu mpaka pwani, kisha wakavushwa baharini. Miongoni mwao walikuwako wakulima kama wewe na mimi, kutoka vijiji kama vyetu.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mahali pake likajengwa kanisa la Anglikana, huko Mkunazini. Kando ya kanisa utaona sanamu za watu wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Wageni wengi hufika hapo wakicheka, wakaondoka wamenyamaza. Ndiyo, mji unapendeza. Lakini jasho na machozi vimo ndani ya kuta zake. Anayetazama milango tu hajauona mji wote.

4. Mtu wa shamba aliyeupamba mji

Tusidhani kwamba mji hupambwa na matajiri peke yao. Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, mwaka 1880. Alikuwa akitembeza vyungu kuviuza. Hakupata nafasi ya kujifunza kusoma na kuandika. Lakini alikuwa na sauti. Alihamia mjini, akakaa Ng'ambo, akaimba taarab kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka na kila mtu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Alikufa mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika kitabu juu ya maisha yake. Leo mgeni anayekwenda Unguja kusikiliza taarab, anakula matunda ya mti ambao yule muuza vyungu alisaidia kuupanda.

5. Usipoziba ufa

Forodhani, mbele ya bahari, liko jumba kubwa liitwalo Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Mwaka 1896 Waingereza walipiga mizinga eneo hilo kwa muda usiofika saa moja. Jumba la Sultani lililokuwa jirani likabomoka, lakini Beit al-Ajaib ikasimama.

Mizinga haikuiangusha. Kumbe kilichoiangusha ni uchakavu! Dalili zilionekana mapema. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kuitengeneza ikiwa inaendelea, upande mmoja wa jengo uliporomoka. Watu wawili walikufa.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nyumba za chokaa zinataka kupakwa chokaa mara kwa mara, na paa lisivuje. Mtu akipaka saruji juu ya ukuta wa zamani, akidhani anaimarisha, unyevu hukosa njia ya kutoka, na ukuta huoza ndani kwa ndani. Tangu mwaka 1985 iko mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe. Lakini mamlaka haiwezi kulala katika kila nyumba. Anayekaa ndani ndiye anayeuona ufa wa kwanza.

6. Ukipata nafasi ya kwenda

Kutoka Dar es Salaam, boti iendayo kasi huchukua kama saa mbili. Chukua kitambulisho. Soma bei iliyoandikwa kwenye tiketi kabla ya kutoa fedha. Vaa nguo za heshima, toa salamu, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Ukipotea vichochoroni usihangaike. Muulize mzee aliyeketi barazani. Jioni nenda bustani ya Forodhani, ukale pweza na mishkaki, na unywe maji ya miwa.

Na ukirudi nyumbani usiseme tu, "Mzuri bwana." Waeleze wenzako nani aliujenga, kwa jasho la nani, na nani anautunza. Kisha kitazame kijiji chako kwa macho hayo hayo. Shule yenu haina ufa? Kisima je? Mahali huwapendeza wageni pale wenyeji wanapopatunza wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba?
2. Jina la Darajani linatufundisha nini? Jina la kijiji chenu lina maana gani? Waulizeni wazee.
3. Utajiri wa Unguja wa zamani ulitoka kwa kazi ya nani?
4. Taja kitu kimoja kijijini kwenu kinachoanza kuharibika. Nani atakitengeneza, na lini?
5. Andika barua fupi kwa rafiki. Mweleze mji unaoupenda, na utoe sababu tatu.