SOMO: Kuimba Zaburi za Wayahudi Katika Tamasha

Kabla ya somo tusome Zaburi 137 pamoja na watoto. Ni kilio cha watu waliohamishwa kwenda Babeli. Waliowateka waliwataka waimbe nyimbo za kwao, nao wakatundika vinubi. Sisi tuliovuka ziwa tunakijua kilio hicho.

Zaburi hiyo huimbwa leo kwa Kiebrania katika matamasha ya kwaya huko Ulaya na Marekani. Mmoja wa walioitungia muziki ni Salamone Rossi, Myahudi wa Mantua, Italia. Kitabu chake cha nyimbo 33, za sauti 3 hadi 8, kilichapwa Venice miaka ya 1622 na 1623. Wapo Wayahudi waliopinga: tutaimbaje hivi na Hekalu limebomolewa? Rabi Leon Modena akamtetea. Mwaka 1630 askari waliteka mji wa Mantua, Wayahudi wakatawanyika, nyimbo zikasahauliwa. Nyingi zilichapwa tena Paris mwaka 1877.

Je, kwaya ya Wakristo yaweza kuziimba? Twaona yaweza, na nyingi hufanya hivyo. Lakini sala ya watu haiimbwi kama pambo la kujaza programu. Sisi wenyewe twaumia tukisikia wimbo wa kwetu unaimbwa na watu wasiojua maana yake, tena wanacheka.

Basi kwanza ni lugha. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiebrania mara nyingi hukaza ya mwisho. Sisi twasema haleLUya, wao haleluYA. Mwalimu wa kwaya asiposahihisha hapo, muziki wote unapinda. Ipo pia sauti ya koo, kama katika neno "sheikh", ambayo wengi huigeuza kuwa "k". Tena Wayahudi wengi washika dini hawalitaji Jina la Mungu ovyo. Kwenye mazoezi wengine huweka neno Hashem, yaani "lile Jina". Kama kuna Myahudi wa kuuliza, aulizwe.

Pili, wasikilizaji waambiwe maana ya maneno na habari za mtunzi. Dakika mbili zatosha. Na maneno yasibadilishwe ili yafanane na mahubiri yetu. Tuna nyimbo zetu za kumtaja Yesu.

Louis Lewandowski (1821–1894) alitunga kwa ajili ya sinagogi za Berlin. Wanazi walipowatesa Wayahudi, waliokimbia walizibeba nyimbo zake vichwani na mizigoni mpaka ng'ambo. Mwaka 2011 tamasha lenye jina lake lilianzishwa Berlin kwenyewe, na kwaya za nchi mbalimbali zikaja kuimba.

Maswali ya vikundi:
1. Ni wimbo gani tuliotoka nao nyumbani ambao watoto wetu hawaujui?
2. Kwaya ya wenyeji ikiuomba, tutawafundisha nini kabla ya noti?