Mtoto Asiyetulia, na Huzuni Inayomfuata

Somo hili lisomwe polepole kikundi kikiwa pamoja, kisha mjadiliane.

Tukitembelea vikundi tunaletewa mashtaka ya namna moja. Mtoto ametumwa chumvi dukani, amerudi jioni na kiota cha ndege, chumvi hana. Amepoteza daftari tatu muhula mmoja. Mwalimu anasema hatulii kwenye kiti. Nyanya anasema amerogwa, jirani anasema mama amemdekeza, na baba anakata fimbo.

Ndugu wazazi, si kila mtoto mtundu ana shida. Lakini wako ambao akili yao haikai kwa jambo moja, nyumbani na shuleni pia, tangu wakiwa wadogo. Madaktari huita hali hii ADHD. Mara nyingi hufuata ukoo. Hebu muulizeni baba mtu alikuwaje darasani! Si laana, wala si malezi mabaya. Na msiwasahau wasichana: wengi wao hawarukiruki, huketi kimya mawazo yakiwa mbali, basi wanaitwa wajinga. Kwanza apimwe masikio na macho, maana asiyesikia vizuri naye huonekana hatii. Kama huwa anaduwaa ghafla kwa sekunde chache, mwambieni daktari, kwa kuwa iko aina ya kifafa inayokuja hivyo.

Sasa tufike kwa jambo lililotufanya tuandike. Mtoto huyu anagombezwa tangu asubuhi mpaka usiku. Akifika miaka 11 au 12 ameshaamini kwamba yeye ni mbaya. Hapo huzuni inaingia, nasi hatuitambui, kwa sababu kwa watoto huzuni mara nyingi huvaa sura ya hasira. Analipuka kwa neno dogo, anapiga wadogo zake, halali vizuri, anaacha mpira aliokuwa akiupenda. Mzazi anasema utundu umezidi, anaongeza kiboko. Tofauti ni hii: ule utundu mmeuzoea tangu utotoni, lakini haya ni mabadiliko. Yakidumu kama wiki mbili, msingoje, mpelekeni hospitali.

Akisema "heri nisingezaliwa," msimkemee wala msicheke. Muulizeni wazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, dawa ya kupe na ya panya zifungiwe, na aonwe hospitalini siku hiyo hiyo. Wengine huficha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa inapingana na Katiba. Simu 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, usiku na mchana.

Na nyumbani kila siku je? Fimbo haimfundishi mtu kukumbuka. (Shuleni viboko vilikatazwa tangu 2001, ingawa sote tunajua vinavyoendelea.) Mwite aje karibu, akuangalie, umpe neno moja: "Leta maji." Akishaleta, ndipo la pili. Siyo "leta maji, funga mbuzi na usisahau kiberiti," tena ukipiga kelele kutoka jikoni. Akifanya vizuri msifu papo hapo, usingoje Jumapili. Masomo ya jioni yawe ya dakika kumi kumi, akimbie kidogo nje, arudi. Na alale mapema.

Dawa za ADHD zipo na huwasaidia wengi, lakini ni za kuandikiwa na daktari, si za kununua ovyo. Kuhusu shule, ulizeni ofisi ya elimu iko wapi EARC, yaani kituo cha kupima mahitaji ya mtoto kimasomo. Vituo hivi vilianza 1984, na wazazi wengi bado hawavijui.

Ya kujadiliwa: Je, kuna mama katika kikundi chetu aliyeacha kuja mkutanoni kwa sababu ya mtoto kama huyu? Nani atakaa na mtoto huyo siku moja kwa wiki ili mama apumzike? Andikeni majina.