Mdogo wangu, vidonge virudi mkobani

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ulitoka mbele, ukawekewa mikono, ukaambiwa presha imekwisha na ukimeza tena dawa utakuwa umemkana Mungu. Wiki ya tatu sasa hujameza. Kisogo kinagonga, na unaogopa kusema, usije ukaambiwa imani yako haba.

Kabla hatujafungua Biblia, pita zahanati leo. Sio Jumatatu. Presha haina adabu ya kupiga hodi. Mtu anafua uani, mara mdomo umepinda. Na usirudie vidonge kwa kukisia. Mwambie daktari uliacha lini.

Mimi naamini Mungu anaponya, sikejeli madhabahu ya mtu. Lakini hiyo sheria kwamba mmeza dawa hana imani nimeitafuta, sijaiona. Namwona Hezekia, aliyelia kitandani mpaka akaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake. Namwona Paulo, ambaye hata leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, akimwambia Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Hakumkemea pepo la tumbo. Alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiumwa. Mwiba wake mwenyewe wa mwilini aliuombea mara tatu, ukabaki. Na rafiki yake Luka alikuwa tabibu! Haya, nani hapo alikosa imani?

Watakutolea Isaya 53, ile ya "kwa kupigwa kwake sisi tumepona". Wapo Wakristo wanaoisoma kuwa afya ya mwili ni haki ya kila aaminiye leo hii. Wengine wanaisoma pamoja na Petro, anayezungumzia dhambi, na wanasema mwili usiougua tena ni wa siku ya ufufuo. Ubishi huo ni wa zamani, sitaumaliza mimi. Ila hata ukikaa upande wa kwanza, wakumbuke wale wakoma kumi. Yesu aliwatuma kwa makuhani, na katika torati kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ukoma. Kumbe aliyepona hakatazwi kipimo.

Unakumbuka 2011, foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile? Mama mdogo wangu alikwenda. Alirudi na vumbi mpaka masikioni, akaoga, akafungua mkoba, akameza kidonge chake cha jioni. Tukamcheka. Akasema, "Mungu akiniachisha, atamwambia na daktari."

Na hilo la kuambiwa utoe "mbegu" ya fedha ili uponyaji ukae, soma habari za Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia Naamani kudai fedha baada ya muujiza. Ukoma wa Naamani ulimhamia yeye. Siongezi neno.

Kanisani usihame kwa hasira. Waraka wa Yakobo unasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Basi waite nyumbani, waombe, na kikopo cha dawa kiwe hapo hapo mezani. Atakayekikasirikia, mpe chai, umsindikize hadi barabarani.

Ukitoka kupimwa nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Simu ninayo mkononi.