Zebaki Mwaloni: Zuia Mvuke Kabla ya Kununua Barakoa

Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo, kuanzia Geita na Kahama hadi Chunya, na hata ng'ambo ya mpaka kule Migori, kazi ya kuchenjua dhahabu huishia kwenye moto. Mchanga umeshasagwa na kuoshwa, zebaki imeshakamata dhahabu, na donge jeupe limekamuliwa kwenye kitambaa. Linawekwa juu ya kipande cha chuma, mkaa unapulizwa, na baada ya muda mfupi donge linageuka manjano. Watu hawaondoki hapo, maana kila mwenye mgawo anataka kuiona dhahabu kwa macho yake. Karibu nusu ya uzito wa donge lile ilikuwa zebaki. Sasa imepanda hewani, na sehemu yake imo mapafuni mwa waliozunguka moto.

Wamiliki wengi wakiambiwa walinde wafanyakazi, jambo la kwanza wanalofanya ni kununua glovu na barakoa. Nia yao ni njema, ila wameanzia mwisho. Kinga inayookoa watu ni ile inayozuia mvuke usizaliwe, au ukizaliwa usitoke. Vifaa vya kuvaa vinafuata baadaye. Mbinu zilizo hapa chini zimepangwa kwa mfuatano huo, na ni vizuri zitekelezwe hivyohivyo.

Ielewe sumu unayoishika

Zebaki ni metali iliyo majimaji. Huchemka kwenye nyuzijoto 357, lakini haisubiri kuchemka ndipo itoe mvuke. Hata ikiwa wazi kwenye beseni kivulini, inaendelea kupotea hewani kidogo kidogo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, kwa hiyo pua na macho havikuonyi.

Mtu akimeza tone la zebaki, karibu lote hupita tumboni na kutoka. Akivuta mvuke wake, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu sumu huingia kwenye damu, ikafika kwenye ubongo na figo. Kwa mama mjamzito hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mwili huchukua takriban miezi miwili kutoa nusu tu ya kilichoingia, na anayechoma kila wiki anaongeza nyingine kabla ile ya kwanza haijatoka.

Hivyo hatari kubwa zaidi iko puani. Mchenjuaji anayevaa glovu nzito huku ameinamia moto ameziba tundu dogo na kuacha mlango wazi.

Hatua ya kwanza: punguza zebaki, au iache kabisa

Kosa linalomwaga zebaki nyingi kuliko yote ni kuiweka kwenye kinu pamoja na mawe yote. Zebaki inapondwa kuwa chembe ndogo sana, nyingi zinaondoka na tope, na hata dhahabu iliyoshikamana nazo inapotea. Acha utaratibu huo. Saga kwanza, pitisha mchanga kwenye mwalo wenye kapeti, osha kapeti, kisha punguza tena kwa karai hadi ubaki na mchanga mzito kidogo tu. Ukitumia zebaki, itumie kwenye hicho kidogo peke yake.

Mchanga mzito ukiwa safi vya kutosha, unaweza kuiacha zebaki kabisa. Wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino wamekuwa wakiyeyusha dhahabu kwa boraksi kwa miaka mingi. Boraksi hufanya madini mengine yaliyochanganyika na dhahabu yayeyuke kwa joto dogo zaidi, dhahabu ikazama chini na takataka zikaelea. Njia hii inahitaji moto mkali na mchanga uliopunguzwa vizuri, kwa hiyo mwenye mwalo anayewekeza kwenye meza ya kutikisa anajifungulia mlango wa kuacha sumu. Anza kwa kuijaribu kwenye sehemu ndogo ya mzigo wako, ulinganishe mapato.

Hatua ya pili: choma ndani ya retoti

Kama bado unatumia zebaki, retoti ndiyo kifaa cha lazima kuliko vyote. Inafanya kazi kama mtambo wa kupikia gongo: chungu kilichofungwa kinapashwa moto, mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapozwa kwa maji, na mvuke unarudi kuwa majimaji yanayodondoka kwenye chombo. Retoti iliyofungwa vizuri hukamata zaidi ya asilimia 90 ya zebaki. Zebaki hiyo inatumika tena, kwa hiyo kifaa kinarudisha gharama yake.

Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa chuma cha kawaida. Asitumie aluminiamu, shaba wala bomba lililopakwa zinki, kwa sababu zebaki hushikana na metali hizo na kuziharibu. Kabla ya kuitumia na zebaki, ijaribu kwa maji: ichemshe ikiwa imefungwa, na mvuke wa maji ukitoka kwenye maungio, ujue hata wa zebaki utatoka.

Siku ya kuchoma, fuata utaratibu huu:

1. Weka donge kwenye chungu, kisha kaza mfuniko. Hakikisha bomba halijaziba.
2. Funga kitambaa kilicholowa kwenye bomba, na ukimwagie maji muda wote wa kazi.
3. Weka chombo chenye maji chini ya mdomo wa bomba, lakini mdomo usizame. Retoti inapopoa hufyonza. Bomba likiwa limezama, maji yataingia kwenye chuma chenye moto na retoti inaweza kulipuka.
4. Pasha moto chungu chote, pamoja na mfuniko, hadi matone yakome. Gonga bomba taratibu ili yaliyonasa yashuke.
5. Zima moto na uache ipoe kabisa. Usiifungue ikiwa na joto hata kama wenye mgawo wanakuharakisha. Mvuke uliobaki ndani utakupiga usoni.
6. Fungua nje, upepo ukitokea nyuma yako.

Hoja inayorudiwa sana dhidi ya retoti ni kwamba watu hawaioni dhahabu inapochomwa, kwa hiyo wanaogopa kuibiwa. Hofu hiyo ina msingi kwenye kazi ya mgawo, na haifai kupuuzwa. Itatuliwe kwa utaratibu: donge lipimwe mbele ya wote, retoti ifungwe kwa kufuli wote wakishuhudia, na ifunguliwe wote wakiwapo. Dhahabu itaonekana mwanzo na mwisho, na hakuna atakayelazimika kuvuta sumu ili kulinda haki yake.

Hatua ya tatu: tenga mahali

Sehemu ya kuchomea iwe moja, inayojulikana, iliyo wazi na yenye upepo, mbali na makazi, mama lishe na kisima. Kusiwe na mtu upande unakoelekea upepo. Kuchoma ndani ya nyumba, jikoni au kwenye chumba cha kulala ni kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, maana mvuke unapopoa hunasa kwenye kuta, mapazia na magodoro, halafu unaendelea kutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Watoto wanaolala humo huumia bila kugusa zebaki hata siku moja. Sufuria au kikaango kilichowahi kuchomewa donge kisirudi jikoni kamwe.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiwe karibu na kazi hii. Mwenye mwalo awape akina mama kazi nyingine yenye malipo sawa, vinginevyo njaa itawarudisha palepale.

Wenye maduka ya kununua dhahabu nao wasijione wako salama. Dhahabu iliyotoka kwenye moto wa mwaloni bado ina zebaki kidogo ndani yake, na inapoyeyushwa upya dukani inatoka yote. Feni inayosukuma mvuke barabarani inawahamishia sumu wapita njia. Panahitajika kofia ya kufyonzea moshi yenye chujio la kunasa zebaki, na chujio hilo libadilishwe kwa wakati.

Hatua ya nne: kushika, kuhifadhi na kumwagika

Changanya na kukamua chini ya maji, ndani ya beseni pana la plastiki, ukiwa na glovu za mpira zisizotoboka. Vua pete na saa, kwani zebaki hushikamana na dhahabu.

Hifadhi zebaki kwenye chombo kigumu cha plastiki au chuma chenye mfuniko wa kukaza, na juu yake uweke maji kidogo yanayozuia mvuke. Andika jina kwa herufi kubwa, kisha ufungie kwa kufuli. Usitumie chupa ya soda wala ya maji ya kunywa.

Ikimwagika, waondoe watu, fungua madirisha na milango. Usifagie, kwa sababu ufagio huivunja kuwa matone madogo yanayotoa mvuke zaidi. Sukuma matone pamoja kwa kipande cha kadi ngumu, yanyonye kwa sindano ya plastiki isiyo na ncha, na yaliyobaki yanase kwa utepe wa gundi. Kwenye nyufa nyunyiza unga wa salfa, ule wanaopulizia wakulima wa korosho. Hushikana na zebaki na kupunguza mvuke. Kila kilichotumika kifungwe kwenye mfuko mzito, kisichomwe.

Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, yakiwa na zebaki yasipelekwe kwenye matangi ya sianidi kabla zebaki haijatolewa. Sianidi huiyeyusha na kuirahisishia safari ya kwenda kwenye mito na maziwa. Huko vijidudu huigeuza kuwa aina inayojilimbikiza ndani ya samaki. Sumu ya aina hiyo ndiyo iliyowalemaza na kuwaua watu wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga maji machafu baharini kwa miaka.

Hatua ya tano: barakoa sahihi na mwili safi

Barakoa ya kitambaa, ya hospitali, au ya vumbi la karasha haizuii mvuke wa zebaki hata kidogo. Inampa mtu ujasiri wa kukaa karibu zaidi na moto, jambo linaloongeza hatari. Inayofaa ni ile ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vilivyoandikwa kuwa ni vya mvuke wa zebaki, vinavyobadilishwa kwa muda uliowekwa na mtengenezaji.

Usile wala kuvuta sigara kwenye eneo la kazi. Badilisha nguo na kuoga kabla ya kwenda nyumbani. Nguo za kazi zibaki mwaloni, zifuliwe peke yake.

Tambua dalili mapema

Mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira zisizo na sababu, kusahau, fizi kuvimba na ladha ya chuma mdomoni ni dalili za sumu iliyojilimbikiza. Huja polepole, na ni rahisi kusingiziwa ulevi au uchovu. Aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja hupata kikohozi, kubanwa kifua na homa ndani ya saa chache. Huyo apelekwe kwenye hewa safi na kukimbizwa hospitali.

Mwambie daktari waziwazi kwamba unachoma zebaki, la sivyo utapimwa malaria na kurudishwa. Kwa anayevuta mvuke mara kwa mara, kipimo kinachofaa zaidi ni cha mkojo. Maziwa hayaondoi zebaki iliyovutwa kwa pua, na dawa za kuitoa hutolewa na daktari peke yake. Tiba ya kwanza ni kuacha kuvuta.

Wajibu wa mwenye mwalo

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo unataka mambo manne yakomeshwe: kuchanganya zebaki na mawe yote, kuchoma donge kwenye moto wa wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kupeleka sianidi marudio yenye zebaki. Biashara ya zebaki inasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na kuhakikisha afya zao zinapimwa.

Mchenjuaji anayelipwa kwa karai hana uwezo wa kununua retoti, na si haki kumwachia mzigo huo. Wa kuinunua ni anayepata faida ya mwalo. Basi mwenye mwalo, kabla ya donge linalofuata kuwekwa motoni, tafuta fundi, chonga retoti moja, tenga mahali pa kuchomea, na piga marufuku kuchoma kwingine kokote. Ukishafanya hayo, ndipo uende dukani kununua glovu.